Shajara ya Mgawa Karata

Jumanne, 12 Novemba 2024

Ratiba ya mashindano imebandikwa leo kwenye chumba cha wafanyakazi, juu ya makabati. Wachezaji 60, meza nane. Kiingilio shilingi 500,000: 50,000 ya nyumba, 450,000 inaingia kwenye mfuko wa zawadi, kwa hiyo mfuko ni milioni 27. Kila mtu anaanza na chipu 30,000, blaindi, yaani dau za lazima za kila mkono, ni 100 na 200, ngazi inapanda kila dakika 40. Hakuna kununua upya. Chipu zikiisha unachukua koti lako. Wanaolipwa ni wanane tu.

Wenzangu walitafuta kwanza majina yao kwenye orodha ya zamu. Mimi nilisoma blaindi. Mtu mwenye chipu 30,000 wakati blaindi kubwa ni 200 ana blaindi kubwa 150, huyo ni tajiri. Ikifika ngazi ya sita, blaindi zitakuwa 500 na 1,000. Kama mpaka hapo hajapata wala hajapoteza kitu, chipu zake ni zilezile 30,000, amezipanga minara ileile mizuri, ila sasa ana blaindi 30. Ameporomoka kutoka 150 hadi 30 huku amekaa anakunywa maji, na hakuna aliyemnyang'anya.

Kwenye meza ya fedha taslimu jambo hili halipo. Pale chipu ya elfu kumi ni elfu kumi saa mbili usiku na ni elfu kumi saa kumi alfajiri. Ukichoka unaipeleka kwa keshia. Chipu ya mashindano keshia haipokei. Thamani yake inategemea blaindi zilipofika, watu wangapi wamebaki na zawadi iko umbali gani, na vyote vitatu vinabadilika usiku kucha.

Kwa muda wote niliogawa karata nimeamini kwamba wachezaji wengi wanacheza mashindano kinyumenyume. Wanakuwa majasiri mwanzoni, wakati katikati ya meza hakuna cha kuibwa, kisha wanakuwa waoga mwishoni, wakati kila mkono una cha kuchukua. Wiki hii nitaandika nione kama ninawaonea.

Shangazi amepiga simu kutoka Tanga. Kwake mimi bado ni mtu wa mapokezi hotelini, na kasino ipo ndani ya hoteli, kwa hiyo sikumdanganya sana.

Jumatano, 13 Novemba

Kijana wetu mpya, yule aliyemaliza mafunzo Septemba, alinikuta na kitabu cha Dan Harrington ambacho mteja mmoja alikisahau zamani na hakurudi kukidai. Juzuu ya pili, ile ya mwisho wa mchezo.

"Dada, wewe si mchezaji. Unakisomea nini?"

Nilimwambia mwamuzi wa mpira naye hafungi mabao, lakini lazima ajue kuotea.

Huyu Harrington si mtu wa kuandika tu. Alishinda Main Event ya World Series of Poker mwaka 1995. Mwaka 2003, walipoingia watu 839, alimaliza wa tatu, na mwaka uliofuata, walipokuwa 2,576, akamaliza wa nne. Kufika meza ya mwisho miaka miwili mfululizo katika umati kama ule si bahati peke yake. Kipimo anachokitumia kinaitwa M, kwa heshima ya Paul Magriel, bingwa wa backgammon. Unachukua chipu zako, unazigawanya kwa gharama ya raundi moja, yaani blaindi ndogo, blaindi kubwa na ante zote za meza (dau la ziada la lazima kwa kila mkono). Jibu ni idadi ya raundi unazoweza kukaa bila kucheza karata hata moja kabla hujafilisika.

Ukiwa juu ya 20 uko kwenye kijani na unaweza kucheza mtindo wowote. Kati ya 10 na 20 ni njano: karata ndogo za kuvizia zinaanza kuwa ghali. Kati ya 6 na 10 ni rangi ya chungwa, ambako anayeingia mkono wa kwanza ndiye mwenye nguvu. Chini ya hapo ni nyekundu, na silaha imebaki moja, kusukuma zote kabla mwingine hajasema kitu. Chini ya 1 anamwita maiti.

Kijana alitoa simu akapiga hesabu yetu. Ngazi ya sita, blaindi 500 na 1,000, na ante 1,000 ambayo blaindi kubwa anailipia meza nzima: raundi ni 2,500. Mwenye 30,000 ana M ya 12. Mwenye 15,000 ana 6.

"Kwa hiyo mtu hajapoteza kitu na tayari yuko njano?"

Ndiyo maana nilimpenda siku ya kwanza. Wengine wanauliza ni karata gani nzuri.

Jumamosi, 16 Novemba, saa saba mchana

Nimeamka na vidole vimekakamaa. Jana tulianza saa kumi na mbili jioni, tukafunga karibu saa nane usiku wakiwa wamebaki 24. Tunazunguka meza kila nusu saa, kwa hiyo nimewaona karibu wote.

Wa kwanza kutoka alitoka ngazi ya kwanza. Kijana wa saa ya dhahabu alipandisha hadi 600 akiwa na esi-kingi. Bwana mmoja mtaratibu akafuata na jozi ya nne. Flopu, karata tatu za kwanza za mezani, ikaja esi, tisa, nne. Mwenye saa aliona esi yake tu; aliweka, akaongeza, akasukuma zote, na alipoonyeshwa nne tatu alinitazama mimi kana kwamba nilizificha mkononi. Watu wa meza walisema bahati mbaya. Sivyo ninavyoona. Yule bwana alilipa 600 kutafuta nne ya tatu, ambayo kwenye flopu hutokea takriban mara moja katika mara nane na nusu, lakini nyuma ya zile 600 kulikuwa na chipu 30,000 za kuchukua, mara hamsini ya alicholipa. Ukiwa na blaindi 150, jozi moja, hata ya esi, ni karata ya kushinda poti ndogo. Mwenye saa aliichezea poti ya maisha. Mkono huohuo, jozi ileile ya nne, ungekuwa upuuzi kuifuata leo jioni, kwa sababu atakayepandisha leo hana chipu za kutosha nyuma yake za kumlipa anayevizia.

Saa mbili za kwanza za mashindano ni za kuingia kwa bei rahisi ukiwa karibu na kitufe (kiti kinachosema mwisho baada ya flopu), kuona flopu nyingi, kutupa bila kinyongo, na kusoma watu. Mama mmoja wa miwani, kiti cha tatu meza ya tano, ndicho alichofanya. Alicheza kidogo, lakini kila karata zilipofunuliwa alikuwa anatazama nani ameonyesha nini, hata mikono ambayo hakuwamo. Wengi mkono wakishautupa wanarudi kwenye simu.

Halafu ngazi ya nne, blaindi 300 na 600, ante ikaanza, na hapo nikamwona akibadilika. Sijui kama kuna mwingine mezani aliyeona. Ghafla anapandisha, si sana, mara mbili na kidogo ya blaindi kubwa, na kila mtu anatupa.

Hesabu yake ni hii. Kabla ya ante, katikati kuna blaindi moja na nusu. Ukipandisha kwa blaindi 2.2 unahatarisha 2.2 ili uchukue 1.5, kwa hiyo watu wote wanatakiwa watupe karibu mara 60 kati ya 100 ndipo usipate hasara, hata kama karata zako ni takataka. Ante ikiingia, katikati kuna 2.5. Dau ni lilelile 2.2, lakini sasa mara 47 zinatosha. Bei ya wizi imeshuka na aliyetangaza ni saa ya ukutani. Wachezaji sita kati ya wanane waliendelea kucheza kama ngazi ya tatu, wakisubiri esi na kingi, huku wakilipa ante kila raundi ili Mama Miwani aje aichukue.

Kwenye meza hiyohiyo kulikuwa na Bwana Pama; kofia yake haivui hata chooni. Anacheza karata kubwa tu, tena kwa adabu, na kila akimaliza ananiambia ahsante dada. Alimaliza usiku na chipu 41,000. Wastani wa waliobaki ni 75,000, na blaindi zilikuwa 1,000 na 2,000. Hajakosea mkono hata mmoja, ukiutazama mmojammoja. M yake ni 8.

Jumapili, 17 Novemba, alfajiri

Hii lazima niiandike kabla sijalala.

Saa nne na nusu usiku walibaki tisa, wanane wanalipwa. Tukawagawa meza mbili, watano kwangu na wanne kwa mwenzangu, tukaanza mkono kwa mkono: hakuna meza inayogawa mkono mpya kabla nyingine haijamaliza, ili mtu asivute muda akingoja wa meza ya pili afe kwanza. Blaindi 4,000 na 8,000, ante 8,000. Kila mkono, kabla mtu hajafanya lolote, katikati kuna 20,000.

Kwangu walikaa Mama Miwani mwenye 520,000, jamaa mmoja wa shati la maua mwenye 400,000, Bwana Pama aliyekuwa amejikokota hadi 160,000, mgeni kutoka Kampala, na kaka mmoja mwembamba mwenye 24,000, yaani blaindi tatu. Kaka yule alikuwa anatokwa jasho, na kiyoyozi kinavuma.

Wa nane anapata shilingi 800,000. Wa tisa hapati kitu. Kwa hiyo kila aliye na chipu za kati alikuwa na jambo moja tu kichwani: acha huyu mwembamba atoke kwanza. Mama Miwani alijua kwamba ndilo walilokuwa nalo. Alipandisha hadi 16,000. Wakatupa. Mkono uliofuata, 16,000. Wakatupa. Anahatarisha 16,000 kuchukua 20,000; wakitupa mara 45 kati ya 100 anafaidi, nao walikuwa wanatupa karibu kila mara. Bwana Pama alitupa esi-jeki, akaifunua kabisa mezani kwa kujigamba, kama anatoa sadaka. Mama hakuiangalia hata hiyo esi. Alikuwa tayari anapanga chipu.

Lakini hapa sitamcheka Bwana Pama. Kwa 160,000 zake, na mwembamba akiwa na raundi moja ya kuishi, kutupa ilikuwa sahihi. Hilo ndilo jambo gumu la hatua hii: mwenye chipu nyingi anaiba kwa haki na anayeibiwa anatupa kwa haki, wote wawili wamecheza vizuri, na fedha zinahama upande mmoja tu. Kosa la Bwana Pama alilifanya Ijumaa, alipofika hapa akiwa maskini.

Kosa la usiku wa jana lilikuwa la Shati la Maua. Mama alisukuma zote. Shati alikuwa na esi-kingi, chipu 400,000, wa pili kwa utajiri katika chumba kizima. Alifikiri labda sekunde kumi, akasema "Siwezi kuitupa hii," akafuata. Mama alikuwa na jozi ya nane. Nane zikasimama. Wa tisa, sifuri.

Mwembamba alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Sijawahi kuona mtu akifurahia hivyo kufilisika kwa mwenzake.

Esi-kingi dhidi ya jozi ndogo ni karibu nusu kwa nusu. Kama ingekuwa saa mbili usiku, wakiwa 24 na yeye ana blaindi 20, ningesema afuate bila kufikiri, kwa sababu chipu anazoshinda na chipu anazopoteza zingekuwa na uzito unaokaribiana. Kwenye tisa si hivyo. Akishinda anakuwa na 800,000, vizuri, lakini nafasi yake ya kulipwa tayari ilikuwa karibu kamili. Hawezi kulipwa mara mbili. Akishindwa anapoteza kila kitu, na mwenye blaindi tatu anapita mbele yake. Chipu 400,000 za juu zilikuwa na thamani ndogo kuliko 400,000 zilizokuwa mkononi. Karata iliyomponza ilikuwa nzuri mno.

Mimi nilifagia chipu zake na kuzisogeza upande wa pili kwa uso ule tuliofundishwa. Mgawa karata haoni, hasikii, hana maoni. Daftari hili ndilo lenye maoni.

Jumatatu, 18 Novemba

Meza ya mwisho ilianza jana saa tisa alasiri. Watano wa kwanza walitoka upesi: mwembamba wa nane, na wengine wakafuatana kama ngazi ya zawadi inavyopanda, 800,000, milioni 1, milioni 1.4, milioni 2, milioni 2.8. Hakuna cha kuandika hapo ila kwamba kila mmoja alipotoka, waliobaki waliangalia kwanza ubao wa zawadi, kisha ndipo wakamwangalia aliyetoka.

Walipobaki watatu, blaindi 15,000 na 30,000, mgeni wa Kampala akaomba mapumziko wazungumzie kugawana. Sheria ya nyumba inaruhusu. Mama Miwani 1,000,000, Bwana Pama 500,000, mgeni 300,000. Zawadi zilizobaki: milioni 9, 6 na 4.

Bosi wa zamu akaleta kompyuta na kupiga hesabu ya ICM, inayogeuza chipu kuwa fedha. Msingi wake uliandikwa na David Harville mwaka 1973 kwa ajili ya mbio za farasi, jinsi ya kukisia nani atakuwa wa pili na wa tatu ukishajua nafasi ya kila farasi kuwa wa kwanza. Mason Malmuth ndiye aliyeileta kwenye poka. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu yako ya chipu. Ya pili unaipata kwa kumwondoa wa kwanza na kugawanya upya zilizobaki.

Jibu lilitoka hivi: Mama milioni 7.43, Bwana Pama 6.19, mgeni 5.38.

Mama akavua miwani. Ana zaidi ya nusu ya chipu zote, asilimia 56, na kompyuta inampa asilimia 39 ya fedha. Akataka wagawane kwa chipu: kila mtu achukue milioni 4 zake za uhakika, milioni 7 zinazobaki zigawanywe kwa uwiano wa chipu. Hapo yeye angepata 7.89 na mgeni 5.17. Bwana Pama, ambaye angeshuka hadi 5.94, alikataa kwa upole na pama yake. Wakarudi kucheza.

Nilipopewa mapumziko nilikaa jikoni na karatasi, nikajiuliza swali ambalo hawakumuuliza bosi. Si kila mtu ana kiasi gani, bali kila mtu anahitaji uhakika kiasi gani ili aingize zote. Kwenye meza ya fedha taslimu jibu ni asilimia 50, ukiacha kilichopo katikati. Hapa, mgeni mwenye 300,000 akipambana na Mama: akishindwa anaondoka na milioni 4, akishinda anakuwa na 600,000 zenye thamani ya milioni 6.35. Leo ana 5.38. Ili isiwe hasara anahitaji kushinda mara 59 kati ya 100. Bwana Pama akipambana na Mama: anahatarisha 6.19, akishinda anafika 7.43, akishindwa 4. Anahitaji mara 64. Na Mama akipambana na mgeni? Mara 52 zinamtosha.

52, 59, 64. Niliziandika kubwa. Meza moja, karata zilezile, na watatu wanacheza michezo mitatu. Blaindi zilizokwisha wekwa zinashusha namba hizi kidogo, lakini mpangilio unabaki. Anayebanwa zaidi si maskini, ni wa kati, kwa sababu chini yake kuna mtu anayeweza kufa kabla yake.

Bwana Pama hakuhitaji namba. Alikuwa ameishi hivyo siku tatu, akitupa. Tatizo ni kwamba Mama naye alijua, na kwa karibu saa nzima alimsukumia chipu zote kila alipokuwa na kitufe. Mtu akitupa sana huchoka, nami niliona anavyochoka. Alianza kuzizungusha chipu zake. Kisha Mama kwenye kitufe akasukuma tena, na yeye, akiwa blaindi ndogo na esi-nane, akasema, "Leo basi." Akafuata. Mama alikuwa na kwini-jeki. Esi-nane iko mbele ya kwini-jeki, kila mtu mezani aliona iko mbele, na bado haifiki asilimia 60. Hata kama Mama angemwonyesha karata zake kwanza, kufuata kungekuwa hasara. Jeki ilikuja kwenye karata ya nne ya mezani. Wa tatu, milioni 4.

Baada ya siku mbili za kutupa karata zilizopaswa kuchezwa na siku moja ya kutupa karata zilizopaswa kutupwa, alicheza ile moja isiyopaswa kuchezwa. Aliniambia ahsante dada.

Wawili. Mama 1,560,000, mgeni 240,000. Hapa hesabu yote ya ubanaji inafutika. Wa pili ana milioni 6 tayari, zinagombaniwa 3 tu, na kila chipu ina bei moja kwa wote wawili. Aliye na kitufe ndiye blaindi ndogo, anaanza kusema kabla ya flopu na anamaliza kusema baada yake. Karata ambayo jana ingetupwa bila kuangaliwa mara mbili, kingi-nne kwa mfano, sasa ni ya kupandisha. Mwenye blaindi nane kama mgeni anasukuma zaidi ya nusu ya karata anazopewa, na mwenzake naye lazima afuate na vitu vya aibu.

Mgeni alisukuma. Mama akafuata na esi-tatu. Mgeni akashinda na kumi-tisa. Akasukuma tena, akashinda tena. Ilipofika saa tatu usiku walikuwa sawa, na saa tatu na nusu mgeni alikuwa anapigwa picha na milioni 9 zake.

Mwenye 240,000 kati ya 1,800,000 hushinda mara moja katika saba na nusu. Hiyo ndiyo mara yenyewe. Mama Miwani alivaa miwani yake, akampa mkono, akachukua milioni 6. Alicheza vizuri kuliko wote 60 na sitaki mtu aniambie vinginevyo kwa sababu ya jina lililoandikwa ubaoni.

Jumatano, 20 Novemba

Siku ya mapumziko. Kijana alikuja nyumbani kurudisha sufuria ya mama yake mdogo, jirani yangu, akakaa hadi magharibi tukizungumzia Jumapili.

Alileta kisa cha Jack Straus, wanachokipenda wote. Mwaka 1982, Main Event, Straus alidhani amefilisika, akainuka, akakuta chipu moja ya 500 imebaki mezani, akakaa, akashinda mashindano yote na dola 520,000. Tangu hapo watu wanasema chipu moja na kiti vinatosha. Mimi kisa hiki kinaniudhi, si kwa sababu ni cha uongo, bali kwa jinsi kinavyotumiwa. Nimesikia watu wakikitaja huku wakitupa mkono baada ya mkono, M yao inashuka kutoka 8 hadi 5 hadi 2, wanajifariji kwamba bado wamo. Mwenye M ya 7 akisukuma, watu wanaogopa na kutupa. Mwenye M ya 2 akisukuma, blaindi kubwa anafuata na karata yoyote, kwa kuwa bei ni ndogo. Kungoja kumemnyang'anya nguvu ya kutisha, na hiyo ilikuwa nusu ya mali yake.

Nikamwambia kisa ninachokipenda mimi, ambacho hakina shujaa. Mwanzoni, Main Event ya Las Vegas ilimlipa mshindi peke yake. Ilikuwa mwaka 1978, aliposhinda Bobby Baldwin, ndipo walipoanza kugawa zawadi kwa watano wa kwanza. Angalia kilichotokea siku hiyo. Kama zawadi ni moja tu, hakuna mpaka wa zawadi, hakuna wa tisa mwenye uchungu kuliko wa hamsini, na thamani ya chipu zako ni sehemu yako ya chipu, basi. Esi-kingi ya Shati la Maua ingekuwa halali yake. Waandaaji walibadilisha namna ya kulipa, sheria za karata zikabaki vilevile, na mchezo mwingine ukazaliwa ndani ya ule wa kwanza. Katika Main Event ya mwaka huu wa 2024, walimoingia watu 10,112 na kuanza na chipu 60,000 kila mmoja, karibu asilimia 15 walilipwa, na mpaka huo wa zawadi huko unasimamisha ukumbi mzima.

"Na mchezo wa kwetu wa Desemba?" akauliza.

Wa Desemba ni wa tiketi. Watano wa kwanza wanapata tiketi ileile ya kuingia mashindano makubwa, na wa kwanza hapati zaidi ya wa tano. Nikamuuliza: mmebaki sita. Wewe ni wa tatu kwa chipu. Wa sita amebakiza blaindi moja, na mkono unaofuata ni zamu yake kuilipa. Mwenye chipu nyingi kuliko wote anasukuma zote, wote wanatupa, inafika kwako. Una esi mbili.

Alicheka. Kisha akaacha kucheka.

Esi mbili dhidi ya karata yoyote tu hushinda takriban mara 85 kati ya 100, na hakuna karata iliyo bora zaidi. Ukizitupa na kukaa kimya, nafasi yako ya kupata tiketi ni zaidi ya hizo 85 kwa mbali, na ukishinda hupati tiketi mbili.

"Esi mbili, dada? Nizitupe?"

"Kabla ya flopu."

"Mimi siwezi. Nitazitupa vipi? Watu watasema nini?"

Nimemwambia aombe zamu ya usiku ule, hasa kuanzia wakibaki wanane, na asitazame karata za mtu. Atazame mikono ya wa tatu na wa nne kwa chipu. Amekwenda, na sufuria ameisahau hapa mlangoni.